Kidaka

Nilimwambia daktari ni mgongo.
Sikuweza kulitaja tako mbele ya mwanamme
aliyesoma darasa moja na mwanangu Khelef.
Akanipa vidonge vya mgongo.
Mgongo haukuwa na habari.

Maumivu yalikuwa chini, upande wa kushoto,
kwenye nyama niliyoikalia tangu nilipopewa mbuzi wa kukunia,
mwaka wa harusi yangu:
kibao cha mfenesi, ulimi wa chuma,
nazi nne alfajiri, nne alasiri,
mkate wa kumimina wa kuuza Limbani,
miaka thelathini na mmoja ya kukaa upande.

Yalianza kama kidole cha mtu kinanibonyeza.
Kisha moto. Kisha waya uliochubuka
kutoka kalioni, nyuma ya paja, ndamani,
hata kidole cha mwisho cha mguu kikawa si changu.
Hitimani nilisimama
nimeegemea mlango kama mdai.

Wifi yangu Bimize akasema pepo.
Time wa ng'ambo ya njia akasema husda ya mkate.
Nikapigwa chuku, nikakandwa kwa mchanga wa moto.
Usiku nililala kifudifudi, nimeuuma mto.

Hospitali ya Wete, chumba cha nyuma,
pazia la kijani lililokosa pete mbili,
nikamkuta Zuwena binti Asaa.
Hakuuliza jina la ugonjwa.
"Bibi, unakaaje?"
Nikachutama hewani kama ninayekuna.
Akaziba mdomo asicheke, akaniambia nilale.

Dole gumba lake likaenda moja kwa moja
pale nilipopaficha miezi minane.
Nilimwita mama yangu, marehemu.
"Ndiyo hapa," akasema, kama anayechagua papai.
"Mshipa wa fahamu unapita chini ya msuli huu.
Msuli umekaza, umeubana,
kama mlango uliofungwa juu ya ncha ya kanga.
Ila kanga haiumwi."

Akanifunza: lala chali,
kifundo cha mguu mbovu juu ya goti la mzima,
vuta paja kifuani, hesabu thelathini.
Mimi huhesabu kwa Subhanallah, thelathini na tatu.
Akasema tatu za ziada ni sadaka.
Akanipa na mpira wa manjano
wa kubana baina ya kalio na ukuta.
Siku ya tatu mjukuu wangu akaupiga, ukaingia shimoni chooni.

Nikaokota kidaka chini ya mnazi,
nikakiviringa kwa kipande cha kanga kuukuu,
nikakiegemea ukutani jikoni,
nikakizungusha, meno nimeyafunga.
Nazi iliyonila, mtoto wake ananitibu.

Zuwena alipokiona hakucheka hata kidogo.
"Kigumu hicho, bibi. Dakika mbili, si zaidi.
Ukihisi ganzi, kitoe."

Sijapona, nisidanganye.
Lakini jana Isha nilikiacha kiti cha plastiki,
nikakaa tahiyatu ya mwisho,
kalio la kushoto, lile lile, juu ya msala.
Nikasoma polepole makusudi, naungoja moto.
Haukuja. Nikatoa salamu kulia.
Kushoto, hapo ukanigusa
kama mtoto avutaye nguo.

Mkwe wangu kanunua mashine ya kusagia nazi.
Inapiga kelele, na tui lake linanuka waya.
Nimerudi kwenye mbuzi, ila kwa adabu:
nusu ya nazi, nainuka,
nazunguka jiko mara mbili, nakaa tena.
Watu wa mkate wanagonga mlango.
Wangoje.