Duka la Mbegu, Chwele

Nilipaka mahindi ya posho rangi ya waridi,
nikashona pakiti, nikaandika: mbegu bora.
Machi, Chwele nzima ilipanga foleni.
Nekoye, mjane, alilipa kwa sarafu,
akahesabu mara mbili.

Julai shamba lake lilikuwa mabua na upepo.
Hakunilaani. Aliuliza tu,
"Wanjala, watoto nitawapikia nini?"
Jina langu lina njaa ndani;
sikujua naipanda kwa ekari.

Bwana, sabuni imeshindwa na vidole hivi.
Sadaka yangu nimeiacha nje ya kanisa,
nikasukuma baiskeli hadi kwake,
gunia moja la deni, mengine baadaye.

Nilistahili bua tupu.
Akanifutia kiti kwa upindo wa leso.

Bado nimesimama. Nifundishe kukaa.