Taa Isiyo na Jina

Mama aliniita Nergui, yaani Hanajina,
kwa kuwa walionitangulia walipewa majina mazuri
na mauti ikayasoma yote.
Nikabaki mimi, nisiyesomeka.
Sasa nina miaka arubaini na mmoja na Prius ya mtumba
iliyotoka Japani na usukani wake wa kulia
kuja Ulaanbaatar, ambako barabara inataka wa kushoto.

Mwezi wa kumi ikawaka taa ya manjano:
mchoro wa injini, au ngamia aliyepiga magoti, sikujua.
Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani.
Nilikifungua, nikakifunga,
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.
Nikakata tepu nyeusi, kipande cha ukubwa wa ukucha,
nikabandika.
Giza. Amani.
Batsukh wa ghorofa ya tatu alinisifu kwa ufundi.

Januari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
nampeleka mama Arvaikheer kwa dada yake.
Pumzi yake imeganda kiooni, anaikwangua kwa sarafu.
Kwanza ikawaka kwato yenye alama ya mshangao.
"Baridi hiyo," nikasema, "upepo wa tairi umesinyaa."
Na kweli; hiyo moja niliijua.
Tulipoipita Lün, likawaka birika.
Birika jekundu, dogo, na tone moja mdomoni.

"Gari linataka chai," mama akasema.
Nikacheka. Mguu wangu haukucheka.
Tepu ilikuwa imebaki nyumbani;
ingekuwepo, nakiri, ningelifunika na birika.

Nilisimama. Injini inanguruma, theluji inapita chini chini
kama mchanga uliosahau rangi yake.
Likaja lori la makaa, akashuka mwanamke
mwenye buti za manyoya na sigara isiyowashwa.
"Zima," akasema. "Zima kwanza, salamu baadaye."
Jina lake Tsendsüren. Akachomoa kijiti cha oili,
akakifuta kwa mkono wa koti, akakichovya tena:
kikavu.
"Kilomita kumi zaidi," akasema,
halafu hakumaliza, akatema mate pembeni.

Akamimina lita mbili na nusu kutoka galoni lake.
Akaniambia niwashe swichi tu, injini ibaki kimya,
na dashibodi nzima ikachanua:
breki, betri, birika, mkanda, ngamia hata chini ya tepu,
mwanga ukichungulia pembeni kama jicho la mtoto anayejifanya amelala.
"Zinaitika majina," akasema. "Kila asubuhi, sekunde chache.
Isiyoitika imekufa. Isiyonyamaza inakuita.
Manjano ni jirani anayebisha hodi.
Nyekundu ni jirani anayevunja mlango kwa sababu nyumba inaungua.
Kijani na buluu, porojo tu."

Injini ikawaka. Zote zikazimika, birika pia.
Ukucha wake ukaibandua tepu.
Ngamia alikuwa bado amepiga magoti.

"Na huyu anaitwa nani?" mama akauliza.
"Anaweza kuwa mambo mia. Hana jina mpaka mashine imsome."
Mama akaitazama ile taa muda mrefu,
kisha akanitazama mimi,
kisha akatafuta kitu mfukoni asichokihitaji.

Pesa Tsendsüren alikataa. Alichukua jibini kavu,
akaweka kipande shavuni, akaondoka akitafuna.

Mashine ya gereji imesoma: kihisi cha oksijeni.
Bei yake nusu ya mshahara. Sijakibadilisha;
fundi amesema gari litafika, ila litakula petroli kwa uroho.
Asubuhi nageuza swichi, nahesabu wanaoitika,
nawasha, nangoja wanyamaze.
Mmoja hubaki.
Habari ya asubuhi, kihisi cha oksijeni.

Jumapili mama hunipigia kutoka Arvaikheer.
Haulizi kama nimekula.
"Ile bado inawaka?"
"Inawaka."
"Vizuri," anasema, na kukata simu.