Inapakia

Nyuma ya mashine ya kusaga, hapa Tukuyu,
nina kibanda cha gemu: runinga mbili, pedi nne,
moja nimeifunga plasta kama kidole.
Mia tano kwa mechi. Ukitukana, unatoka.
Ukilowa, na hapa nani halowi,
tundika koti msumarini, usinichuruzikie waya.

Ijumaa mtendaji akaja na mwavuli uliovunjika ubavu.
"Tusajigwe, hao vijana wako wa kubonyezabonyeza,
mtaro umeziba toka shuleni hadi stendi.
Msaragambo kesho. Wagawe makundi."

Kugawa makundi.
Nalijua hilo kuliko anavyodhani.
Shuleni, mchezo wa rede, manahodha wawili uwanjani
wanachagua mmoja mmoja kama wachambua maharage,
na mimi, punje iliyotobolewa, nabaki kwenye ungo
hadi mtu aseme, "Haya, na wewe njoo,"
akiwa anatazama pembeni.
Hakuna aliyenipiga.
Ndiyo maana sikuwa na la kushtaki nyumbani.

Basi nikatoa simu.
Humo mna gurudumu, mtu kaliunda kwa ajili ya timu za gemu:
unaandika watu, unagusa, linazunguka,
linapanga nani na nani, kisha linawabatiza.
Halimjui mtoto wa mwenye duka.
Halioni nani kavaa kandambili zisizofanana.
Majina yake yalikuwa ya mbali, majoka, vivuli vya chuma;
niliyafuta usiku, nikaweka ya kwetu:
Radi ya Rungwe. Ukungu Mzito. Kipunji.
Magimbi Moto. Kimondo.

Watu kumi na tisa wakajibana chini ya bati.
Lwitiko, bingwa, anayelala na pedi mkononi,
likamtupa pamoja na Mama Syabumi wa parachichi
aliyekuja kuchaji simu tu.
Radi ya Rungwe! Mama akapiga vigelegele.
Likawatenganisha mapacha; mmoja akanuna, mwingine akapumua.

Mwishoni wakabaki watatu:
Nsubisi wa bodaboda, mwenye deni kwangu,
Ambwene mwenye kigugumizi,
na binti mgeni kutoka Makete
ambaye hakuna aliyemuuliza jina
mpaka nilipohitaji kuliandika. Eda.

Nikagusa. Mvua ikashuka juu ya bati, mtandao ukakata,
gurudumu likasimama kwenye neno ambalo sikuliweka:
Inapakia.
Nikainua simu hadi kwenye boriti.
Inapakia.
Nikaziona nyuso zile. Nilizivaa miaka saba.
Na mimi huyuhuyu nikafungua mdomo kusema,
"Haya, na nyie jiungeni tu na Magimbi."

Ambwene akaniwahi.
"I-i-inapakia," akasema. "Ndiyo si-sisi."
Kimya. Kisha kicheko, na aliyeanza ni yeye.

Mtaroni Radi walimaliza saa nne, wakaenda kunywa chai.
Inapakia walipewa chini ya kalavati,
mahali ambapo mji mzima hutupa usichotaka kukiona.
Kila aliyepita juu akiuliza, "Vipi huko, bado?"
sauti tatu zilimjibu kutoka gizani,
"Inapakia!"
Saa nane Eda akatoka kinyumenyume,
tope hadi kwenye nyusi,
anavuta sufuria zima, na kifuniko chake,
na nyuma ya sufuria, maji.

Hawakushinda kitu. Hakukuwa na cha kushinda.
Ila sasa sokoni wauza ndizi humwita Eda kwa jina hilo,
naye huitika, ndoo ya viazi kichwani, bila kugeuza shingo.

Jioni ile mtandao ulirudi.
Nilikuwa peke yangu, nafuta pedi kwa kitambaa,
simu ikawaka mezani, gurudumu likamalizia mzunguko wake,
polepole, kama mtu aliyechelewa kanisani,
likasimama: Kimondo.

Jina zuri.
Nikaizima.
Sijamwambia mtu.