Arthi

Kavosa aliliingiza gari uani kwangu, Chavakali,
amekalia mito miwili ya kochi,
wa tatu mgongoni,
kidevu kikichungulia juu ya usukani.
"Kaka yangu ndiye aliyekisukuma nyuma.
Alitoka nalo mazishini kwa baba akalirudisha hivi.
Tangu Aprili kiti hakisogei."
Asava, yule mrefu, amesimama langoni,
mikono mfukoni, akitazama barabara ya Kapsabet
kana kwamba ipo inayomdai.

Ya nyumbani kwao sikuuliza.
Mimi huuliza kiti.

Nikabonyeza swichi, nikafumba macho.
Kikiguna na taa za dashibodi zikafifia,
jua mota inavuta ila reli zimeshika:
kalamu, sarafu, mfupa wa mbuta,
vyote nimeshavitoa humo.
Kikinyamaza, na taa zisitikisike,
basi umeme haujafika,
au umefika na hauna njia ya kurudi.
Hiki kilinyamaza.

"Mota imekufa," Asava akasema kutoka langoni.
"Fundi wa Luanda alitaka elfu kumi na nane."
"Swichi," Kavosa akasema. "Uliibonyeza kwa hasira."
Nikawasha mita.

Fyuzi, nzima.
Nikatoa betri, nikanywa chai, nikasubiri,
maana chini ya kiti mna ile soketi ya manjano
ya mfuko wa hewa, na hiyo haina utani.
Boliti za mbele zilitii. Za nyuma
kiti kilikuwa kimezikalia;
nikalala kifudifudi na spana niliyoikata mwenyewe,
nikazibembeleza robo kwa robo.
Kisha nikakilaza chali
kama ng'ombe anayetibiwa kwato,
nikarudisha betri,
ufunguo wa gari ukiwa mfukoni mwangu.

"Bonyeza," nikamwambia Kavosa.
Waya unaoingia motani: volti kumi na mbili.
Waya unaotoka, ukipimwa na bodi: kumi na moja,
mahali panapotakiwa karibu na sufuri.
Nikaufuata, nikaivuka swichi, bado kumi na moja.
Mota haikufa. Swichi haikuvunjika.
Umeme umejaa sebuleni kama wageni,
mlango wa kutokea umefungwa.

Nikafunua zulia.
Harufu ya uyoga. Mvua za kila alasiri
zilikuwa zikipenya kwenye mpira wa mlango,
kimya kimya, msimu hadi msimu,
na pale sakafuni, skrubu moja,
waya watatu chini yake,
imeota ukungu wa kijani, inacheza kama jino la mtoto.

"Ni arthi," nikasema.

Kavosa akanitazama. Akamtazama kaka yake.
"Asava! Umesikia? Hata gari
shida yake ni ardhi."
Asava hakucheka.
Akahesabu vidole vyake, sijui alihesabu nini,
labda hatua za kile kishamba chenye mawe
walichokipelekea chifu mara tatu.
Halafu kicheko kikamtoka puani kwanza,
akaja, akainama karibu nami,
akashika tochi bila kuombwa.

Msasa hadi chuma kikang'aa.
Wosha mpya, skrubu mpya, grisi juu yake,
mpira wa mlango nikauziba kwa gundi
(mpya mnunue, niliwaambia, hii haitafika Desemba).
Kavosa akabonyeza.
Kiti kikanguruma, kikaja mbele polepole,
kikamleta kwenye usukani
kama mtu anayesogezewa meza ya chakula.

"Na yeye akitaka kuendesha?"
"Atabonyeza nyuma.
Nawe ukirudi, utabonyeza mbele.
Mota haichoki kwa hilo."

Mia nane. Wakabishana nani alipe,
kwa sauti ileile, lakini sasa kila mmoja alitaka.
Nikapokea mia nne kwa huyu, mia nne kwa huyu.

Ile mito waliisahau hapa. Wiki ya sita sasa.
Mmoja nimeukalia wakati huu,
napiga msasa skrubu ya mtu mwingine.