Ufunguo wa Kabati

Visanduku ishirini na vinne vilikuja na lori
mwezi ule choo cha wavulana kilipofurika.
Bwana Kalume, mwalimu mkuu, akatia sahihi mara tatu,
akavifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni,
na Mtongwe nzima ikajua shule yetu ina tabuleti.

Kuwa nazo, tulikuwa nazo.

Tulipelekwa semina ya siku moja, hoteli ya Nyali:
soda mbili, sambusa, na kijana mwenye tai
aliyebonyeza upesi kama anayefukuza nzi.
"Mmeona? Rahisi."
Nikaitikia kwa kichwa. Sikuona kitu.
Cheti nilikitundika sebuleni.
Mume wangu akakitazama: "Sasa wajua?"
Nikamwambia chai yapoa.

Mwaka na nusu. Vumbi, na chumvi ya hewa yetu
isiyosamehe hata bawaba.
Mimi na chaki yangu, miaka kumi na tisa,
na hofu nisiyomtajia mtu:
si ya mashine,
ya kuchekwa na watoto wa darasa la tano.

Kisha akahamishiwa kwetu Mkamburi, kutoka Wundanyi,
mdogo kwangu, mwingi wa kikohozi, mchache wa maneno.
Saa nne, wenzetu wakinywa chai,
akauomba ufunguo, akatoa moja, akaja kukaa ubavuni pangu.
Hakuniuliza najua nini.
Aliniuliza, "Kesho unafundisha nini?"
Kivuli, nikasema.
"Basi tuanze na kivuli."

Nikabonyeza mahali sipo,
kioo kikageuka buluu, moyo ukanidunda.
Hakunipokonya.
Mikono yake aliikalia, kama mtoto anayejizuia
kudokoa kitoweo.
Nikapotea. Nikarudi. Nikapotea tena.
Kengele ikalia, chai yangu haijaguswa.

Somo la kwanza? Aibu tupu.
Sita hazikuwa na chaji,
moja ikaanza kusema peke yake, sauti ya puani,
na haikujua kunyamaza.
Nyevu, yule wa dawati la nyuma,
asiyeleta kazi ya nyumbani hata kwa dawa,
akanyoosha mkono: "Mwalimu, zima kwanza. Halafu washa."
Nikazima. Nikawasha.
Hawakunicheka. Walimpigia Nyevu makofi,
na kumbe kusema "sijui, nionyeshe"
hakukati mshahara.

Wiki iliyofuata tukatoka uwanjani.
Kila saa, picha moja ya kivuli cha mlingoti,
kiatu cha Nyevu kikiwa alama.
Saa mbili, kirefu, kimeufikia ukuta.
Saa sita, kimejikunja miguuni pa mlingoti kama paka.
Wakazipanga picha, wakazipangua, wakagombana,
mwisho wakadai chaki, wachore sakafuni.
Chaki! Nami nilishaanza kuiaga.

Tukamwendea Bwana Kalume, wawili sisi.
Hatukuomba mashine zaidi.
Tuliomba Alhamisi, kipindi kimoja kisicho na darasa,
walimu wakae pamoja wakosee pamoja.
Na ufunguo.
"Ikivunjika je?"
"Itavunjika," Mkamburi akasema, akakohoa.
Feni ilizunguka juu yetu muda mrefu.
Kisha akautoa mfukoni, bado una joto la paja lake.

Zilivunjika mbili.
Ufunguo waning'inia msumarini, juu ya kopo la chaki,
umeanza kung'aa kwa kushikwashikwa.

Alhamisi hii kaja Bwana Mwinyikai,
miaka miwili imembakia astaafu,
miwani ameifunga kwa uzi.
Asema amekuja kutazama tu.
"Kesho unafundisha nini, Bwana Mwinyikai?"
"Sehemu. Nusu na robo."
Kidole chake chatetemeka juu ya kioo,
chaenda, chasita, chaenda siko.

Nami najua pa kubonyeza. Wallahi najua.
Nimeikalia mikono yangu, yote miwili.