Mafiga ya Bi Nyamizi

Sogea, Bi Nyamizi, haiumi.
Hii ndiyo injini yako yote:
vijana wawili wa Isevya wanaibeba
bila kutua njiani.
Sisi mia tisa tisini na sita.
Imepungua kijiko cha chai kutimia lita.

Silinda tatu. Aliyekwambia nne alikuuzia moja ya hewa.
Tatu, kama mafiga,
ndiyo maana ukisimama relini kupisha treni ya Mpanda
usukani unakutekenya viganja.
Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa.
Ila ikitetemeka hadi miwani ikushuke puani,
hapo raba ya mauntingi imekatika;
na ikidunda tiki-tiki-kimya, tiki-tiki-kimya,
figa moja limezimika.
Tazama plagi, kisha koili.
Usikimbilie kuuza shamba.

Valvu kumi na mbili, nne kwa kila figa.
Cheni, si mkanda. Cheni haikatiki ovyo
lakini haisamehe oili chafu;
alfajiri ukiwasha ukasikia njugu kibuyuni,
ni yenyewe, inadai.
Oili lita tatu. Wewe umeniletea moja na kitu,
nyeusi kama dari ya bani la tumbaku.

"Lakini haivuji, fundi! Nalaza kadibodi chini, inaamka kavu."

Haivuji, mama. Inakunywa.
Mlevi wa chumbani hamwagi pombe uani.
Ringi zimechoka. Asubuhi geuka nyuma
uone moshi wa bluu unavyokusindikiza.

Kitabu chake kinasema farasi sitini na nane.
Hao ni farasi wa kitabuni,
wa lami na watu wanne wembamba.
Wewe ukitoka Kitunda na ndoo kumi na moja za asali,
mchanga hadi kwenye rimu,
gia ya kwanza, feni inalia,
hesabu punda thelathini, na mmoja mgonjwa.

Sasa hili la harufu.
Unasema tangu Septemba gari linanukia utamu,
ukajua ndoo imepasuka,
ukafua mazulia mara tatu,
ukamsuta mwenye mizinga kwa vifuniko vibovu.
Leta kidole. Hapa, chini ya pampu ya maji.
Kijani, kinanata. Usilambe!
Si asali hiyo. Ni kulanti,
na utamu wake ni sumu.
Ilitoka tone kwa tone, nawe ukajaza maji ya kisima
hadi rejeta ikaota magamba kama birika.

Na gari hili halina mshale wa joto.
Lina taa mbili tu. Bluu: bado baridi.
Nyekundu: zima, shuka, kaa kando.
Mihayo ameitafuta ile nyekundu dakika kumi,
akaikuta imefunikwa na ua la karatasi.

"Mjukuu wangu," ukasema, "Kabula.
Alisema, bibi, taa hii inakukasirikia."

Nikaweka spana chini.

Nimevuta kijiti cha oili mara mbili,
nimefungua na kifuniko cha juu, nimenusa:
haijageuka maziwa.
Gasketi imekuonea huruma.
Kilomita tano zaidi, leo tungekuwa tunazungumza mengine,
na wewe ungekuwa umekaa.

Pampu mpya itakuja na treni ya Jumatano.
Akitokea mtu akakwambia thamostati ing'olewe,
haina kazi nchi ya joto,
mpe salamu zangu, usimpe funguo.
Na kila Ijumaa, injini ikiwa imelala,
fungua, tazama, funga. Hivyo tu.
Pampu ni pesa taslimu.
Kazi yangu, lita moja ya asali, ile ya ndooni.

Mwambie Kabula taa haikukasirikii, inakuita.
Ua lake sikulitupa.
Nimelihamishia kwenye redio,
ambayo tangu ununue gari
haijasema kitu.