Uliobaki Karibu na Kisima

Mashine zimeondoka Võru Ijumaa.
Zimeacha mifereji miwili ya matope, dumu tupu la mafuta,
na matawi yamelaliana ovyo kama watu waliokosa vitanda.
Kampuni imebandika karatasi:
kilicho chini, chukueni.
Kilichosimama, msikiguse.

Helju kafunga tela nyuma ya gari bovu,
kabeba msumeno wa marehemu Endel.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
naye ana miaka sabini na moja, na anainama.
Msonobari anaupita. Unatema utomvu,
unaziba bomba la moshi.
Autakao ni ule mweupe,
wenye gome la kuchunika kama karatasi.

Ng'ambo ya kijito, kwa Urmas,
dhoruba iliangusha mitano.
Akaenda kuomba, mkate mweusi kwapani, ungali moto.
"Chukua," akasema Urmas, mlango nusu.
"Bei?"
"Bei gani?"
Alipokwisha kugeuka:
"Wa karibu na kisima uache.
Leida aliuegemea akingoja ndoo ijae."

Umelala tu pale, unaota uyoga.
Helju akakata minne. Akafagia hata unga wa mbao.

Januari, baridi ya kupasua ndoo.
Siku ya kwanza bomba la Urmas halikutoa moshi;
akasema, labda amelala.
Siku ya pili hakusema kitu.
Akapakia tela kuni zilezile,
akavuka kijito juu ya barafu
na kiberiti mfukoni.